Jeep ya Lami Haihitaji Buti za Matope

Ukitaka kujua jeep inaishi wapi, usimuulize mwenye nayo. Atakutajia Bafwasende, Opala na Ubundu, akusimulie daraja la magogo na usiku aliolala msituni. Wewe chuchumaa, uchungulie chini ya gari. Ukikuta vumbi jepesi tu kwenye chasi, na madigadi ambayo hayajakwaruzwa na kisiki hata kimoja, basi jeep hiyo inaishi Makiso, hapa Kisangani. Asubuhi inapeleka watoto shuleni, mchana inalala mbele ya ofisi, Jumamosi inabeba maharusi, na safari yake ndefu ni ya uwanja wa ndege wa Bangboka, kilomita kama 17 kutoka mjini, kumpokea shemeji anayetoka Kinshasa.

Maisha hayo ni mazuri, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Shida huanza siku matairi yanapokwisha. Hapo mwenye jeep hukumbuka ghafla kwamba gari lake ni la porini, huenda sokoni kifua mbele, na hurudi na matairi yenye meno ya kupandia mlima. Wiki hiyo hiyo jeep inaanza kunguruma kwenye lami, mafuta yanakwisha mapema, na kijana wa toleka anayepita mbele yake na baiskeli yake amebaki na nafasi ndogo ya kunusurika kuliko aliyokuwa nayo juzi. Kwa hiyo cheka njiani ukipenda, lakini ushauri huu uufuate hadi mwisho.

Anza na kazi isiyo na gharama. Mpe dereva daftari, au lishike mwenyewe kama usukani ni wako, na kwa mwezi mzima andika kila safari: gari lilikwenda wapi, na njia ilikuwa lami, udongo mgumu au tope. Safari unazokusudia kufanya usiziandike. Ile ya kwenda kumwona mjomba Banalia, ambayo imeahirishwa tangu Krismasi, haihesabiwi mpaka ifanyike. Mwisho wa mwezi lisome daftari mbele ya mke au mume wako, maana mtu akisoma peke yake huongeza chumvi. Kisha nunua tairi la njia unayopita, si la njia unayosimulia.

Sokoni matairi ya jeep yana koo tatu, na kila ukoo umeandikwa herufi ubavuni. H/T ni la barabara: mistari yake imenyooka, mpira umeshikana, halipigi kelele. A/T ni la mchanganyiko: vipande vyake vimeachana kidogo, linavumilia kokoto na udongo, na kwenye lami bado lina adabu. M/T ni la matope: meno makubwa, nafasi pana kati ya jino na jino ili tope lichomoke gurudumu linapozunguka. Kwa jeep ya Makiso jibu ni H/T. Kuvaa M/T kwenye lami ni kwenda harusini na buti za mvua: hutaanguka mlangoni, lakini kucheza hutaweza.

Najua utakachonijibu. Kisangani si Brussels. Ukiacha lami ya katikati ya mji, njia nyingi za Mangobo na Kabondo ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha, mita 300 za mwisho kabla ya kufika nyumbani hazipitiki bila kumwomba Mungu. Ni kweli kabisa. Mtu wa namna hiyo achukue A/T yenye meno ya kiasi, asiende zaidi ya hapo. Mita 300 za tope hazistahili kulipiwa kwa kilomita zote nyingine za siku. Punguza mwendo, ingiza 4x4 kabla hujazama, pita taratibu, na ukifika lami uitoe. Kama gari lako ni Land Cruiser ya kazi, ile ambayo dereva mwenyewe ndiye anayeingiza 4x4, kuiacha imeingizwa kwenye lami kavu kunayakwangua matairi na kukaza vyuma vya gia, kwa sababu ekseli ya mbele na ya nyuma haziwezi kuzunguka kwa tofauti wakati wa kukata kona.

M/T ina wenyewe. Watu wa chanjo wanaokwenda Opala wanaihitaji. Mfanyabiashara anayechukua mchele njia ya Yahuma anaihitaji, na padri mwenye parokia ya ndani ya msitu vilevile. Hao ndio wanaoufanya mkoa wa Tshopo uendelee kupumua, na tairi lao likikwama kuna mtu hapati dawa. Tusishindane nao sokoni kwa kununua meno ya kuegeshea mbele ya benki.

Sasa tuje kwenye mvua, maana hapa ndipo matairi yanapoua. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na hupata zaidi ya milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya zile za London, mji unaosifika kwa mvua duniani kote. Hatuna mwezi mkavu wa kweli. Prado iliyojazwa watu na mizigo inakaribia tani 3, na uzito wote huo unakaa juu ya vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kiganja chako. Hakuna kingine kinachogusa ardhi. Breki, usukani na ile injini unayoisifia vyote vinapitia kwenye viganja hivyo vinne. Ukifunga M/T, sehemu kubwa ya kila kiganja ni nafasi tupu. Tope linafurahia nafasi hizo. Lami iliyolowa inataka kitu kingine: mpira mwingi unaoigusa, mifereji ya kutoa maji, na mikato midogo midogo ya kufuta ule utando wa maji unaobaki. H/T ina vyote vitatu.

Weka mbele ya hesabu hiyo mwendesha toleka. Amempakia mama nyuma, mama ameshika beseni la samaki, mvua imeanza, na shimo lililo mbele yao limejaa maji, kwa hiyo baiskeli inahamia katikati ya barabara bila kuangalia nyuma. Unakanyaga breki. Kama jeep yako itasimama mita 3 kabla ya baiskeli ile au mita 3 baada yake, hilo liliamuliwa siku ile uliyokuwa unapatana bei.

Hatua inayofuata ni kusoma ubavu wa tairi, na watu wengi huiruka kwa sababu inawalazimu kuinama. Inama. Chukua saizi ambayo Prado nyingi huvaa, 265/65R17 112S. Nambari 265 ni upana kwa milimita. Ile 65 ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya upana huo. R inaonyesha kwamba tairi ni la radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Watu huishia hapo, wakati nambari inayofuata ndiyo inayobeba familia: 112 ni uwezo wa mzigo, na maana yake tairi moja linavumilia kilo 1,120. Herufi S ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 180 kwa saa, ambao nakuomba usiujaribu mahali popote katika jimbo hili.

Muuzaji akikuletea tairi la saizi ile ile lakini lenye uwezo mdogo, fanya hesabu pale pale. Nambari 98 ni kilo 750. Mara nne ni kilo 3,000. Prado yako ikijaa inakaribia kabisa uzito huo, na hapo shimo la kwanza bado hujaligonga. RAV4 ni nyepesi, na saizi yake ya kawaida ya 225/65R17 huja na 102, yaani kilo 850, inayoitosha vizuri. Land Cruiser ya kazi inayobeba magunia ihudumiwe kwa tairi lake la mzigo, 7.50R16 au saizi nyingine iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usiipe tairi laini la gari dogo eti kwa sababu rimu imelikubali.

Kibandiko hicho cha mlangoni ndicho shahidi wako mkuu. Kina saizi, na kina upepo. Ukikisoma hutahitaji ushauri wa binamu.

Sasa tuingie kwenye mrundo wa matairi ya mitumba, maana huko ndiko wengi wetu tunakonunua. Bidhaa hufika Kisangani kwa taabu: kwa mashua zinazopanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 za maji, au kwa malori kutoka Butembo na Bunia kupitia msitu wa Ituri. Kila mkono uliobeba tairi umeongeza kitu kwenye bei, na bei hutajwa kwa dola. Kwa hiyo siwezi kumcheka mtu anayeshindwa kununua jipya. Ninachotaka ni asiuziwe kifo kilichopakwa rangi.

Muuzaji atakuambia: "Papa, hii pine ni ya Ulaya, iko bado muzuri." Mjibu kwa heshima, kisha tafuta neno DOT ubavuni. Linafuatwa na herufi na nambari, na mwishoni kuna tarakimu nne ndani ya kisanduku chenye kingo za mviringo. Zikiwa 2319, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande mmoja, ligeuze, kwa sababu mara nyingi tarehe kamili huwekwa ubavu mmoja tu. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, na jua letu huuzeesha zaidi. Michelin, ambao kazi yao ni kuuza matairi, wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe linapotimiza miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama meno yake bado yanapendeza. Ukikuta tarakimu zimesagwa au zimekwanguliwa, aliyezisaga alikuwa na sababu.

Baada ya tarehe, tafuta picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Hilo ni tairi la baridi. Ulaya watu wengi huwa na seti mbili, moja ya kiangazi na moja ya kipupwe, na ile ya kipupwe imetengenezwa kwa mpira laini ili isigande halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7. Kisangani haijawahi kuwa na asubuhi ya namna hiyo. Kwenye lami yetu ya saa nane mchana mpira huo hulegea, hukwanguka upesi, na gari huyumba kwenye kona. Baadhi ya A/T ngumu huwa na alama hiyo pia, kwa hiyo tazama meno: kila kipande kikiwa kimejaa mikato myembamba mingi iliyobanana, tairi hilo lilizaliwa kwa ajili ya theluji, na theluji haiji Tshopo.

Halafu ingiza mkono ndani ya tairi. Ndiyo, utachafuka. Pitisha vidole kwenye ukuta wa ndani polepole, duara zima. Ukigusa kiraka kwenye ubavu, uvimbe, nyuzi zilizojitokeza au unga mweusi unaotoka mkononi, tairi hilo liliwahi kukimbizwa bila upepo au lilipasuka likashonwa. Lirudishe. Kwa nje, ing'ang'anie ile rangi nyeusi inayometa. Isugue kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu chini yake huwa kuna nyufa nyembamba. Angalia mifereji. Kama kingo zake hazilingani, hapa kina, pale juujuu, kuna mtu ameichonga upya kwa kisu cha moto. Malori yana matairi yanayoruhusiwa kuchongwa, na yameandikwa REGROOVABLE. La jeep yako si mojawapo. Aliyelichonga amekula mpira uliokuwa ukilinda nyaya.

Ndani ya mifereji hiyo kuna vinundu vidogo vinavyoonyesha milimita 1.6, kiwango ambacho sheria za Ulaya hazikubali tairi kushuka chini yake. Kwa mvua yetu mimi sikubali chini ya 3. Tairi jipya la barabara huanza na 8 au zaidi kidogo, na aliyelivua huko Ulaya kwa kawaida alikuwa amekwisha kula sehemu kubwa. Ukinunua lenye 4 unanunua milimita 1 ya matumizi. Gawanya dola kwa kilomita utakazopata, na mara nyingi utakuta tairi jipya la kampuni isiyo na jina kubwa, lenye tarehe ya karibuni, ni rahisi kuliko mtumba wa jina maarufu.

Niruhusu kusema jambo moja kabla hatujafika kwa fundi. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo. Wakati huo Kisangani ilikuwa kituo cha Stanley Falls, na Tippu Tip, mtu wa Unguja, alikuwa amefanywa gavana wake mwaka 1887. Kiswahili tunachonunulia matairi leo kilifika hapa na watu wa misafara kama yake. Dunia ikaanza kulilia mpira, na utawala wa Leopold wa Pili, uliodumu mpaka 1908, ukaukamua kutoka misitu ya Kongo kwa viboko, kwa mateka na kwa mikono iliyokatwa. Nchi iliyolipa bei hiyo ili wengine waendeshe magari kwa raha haipaswi kuwa jalala la matairi waliyoyachoka.

Tuendelee. Utashawishiwa kuongeza saizi kidogo, "ili gari likae juu". Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776. Ukivaa 265/70R17 unafika 803, karibu asilimia 3.4 zaidi. Saa ya mwendo inakudanganya, breki zina kazi kubwa zaidi, injini inavuta mzigo mzito, na tairi linaweza kusugua madigadi ukikata kona yote. Ulichopata ni milimita 13 za urefu kutoka ardhini. Shimo la barabarani kwetu halitambui milimita 13.

Na matairi manne yafanane. Jeep nyingi za siku hizi hugawa nguvu mbele na nyuma zenyewe, na ukiweka mapya mawili na makuukuu mawili yanazunguka kwa tofauti siku nzima, hadi gia ya kati inaungua. Kama mfuko unaruhusu mawili tu, chagua yanayokaribiana na yaliyobaki kwa saizi, aina na kina cha meno, na mapya uyafunge nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye maji, dereva wa kawaida hana la kufanya.

Kwa kwado, yaani fundi wa matairi, usikae kwenye kivuli kusubiri. Simama karibu naye, umsalimie vizuri, maana kazi yake ni ngumu na huifanya na vyuma viwili na kikompresa cha petroli wakati umeme umekwenda. Mwombe aweke valvu mpya. Kama ubavu una mshale au neno OUTSIDE, ufuatwe. Tairi lililofungwa kinyume linasukuma maji ndani badala ya kuyatoa. Akitaka kuweka mpira wa ndani kwenye tairi lisilouhitaji ili kuficha tundu, kataa, kwa sababu viwili hivyo husuguana na kupata moto. Tundu la msumari kwenye meno linazibika. Tundu la ubavuni halizibiki. Upepo ujazwe kwa kilo za kibandiko cha mlangoni. Nambari iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kipimo chako. Upime asubuhi kabla gari halijatembea, kila wiki mbili, na tairi la akiba lipimwe pia. Upepo ukipungua ubavu hupinda kila mzunguko na kuchemka, na kwa joto letu tairi zuri hupasuka njiani kwenda Bangboka shemeji akisubiri. Baada ya kilomita 50 au 100 za kwanza, kaza nati upya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye jeep: leo jioni, kabla hujaingia ndani, toa simu yako, washa taa yake, na usome tarakimu nne kwenye kila tairi, la akiba likiwemo. Kama mojawapo limevuka miaka 10, kesho gari lisibebe watoto wa shule. Na siku ukienda sokoni, muuzaji akikuzuia kuinama na kusoma, rudi nyumbani na dola zako.